Sala ya Mezani

Vijana walikuwa wachache, hivyo kila mmoja alipangiwa mzee wa kumtunza mbali na kwao, na huko aliitikia jina la mtoto wa mzee huyo. Kwa Bi Ndeshi, Tumsifu aliitwa Eliaichi. Jumapili, ndizi zikiwa jikoni, alimpigia mama yake mzazi.

"Shikamoo, mama. Ni Tumsifu. Nimepata ruhusa, nakuja Krismasi."

Mama alicheka. "Acha utani, binti. Tumsifu wangu yuko hapa, anabariki chakula."

Nyuma yake msichana alikuwa akisali sala ambayo mama alimtungia Tumsifu utotoni. Tumsifu alifumba macho aifuatishe, lakini maneno hayakumjia.

"Eliaichi!" Bi Ndeshi aliita kutoka sebuleni.

"Abee, mama," aliitika, hata kabla ya kufumbua macho.