Mlango Unaomsikiliza Tosha

Haya wajukuu, tegeni masikio: hajasoma, hana funguo, lakini akisema neno moja jiko linazimika na mlango unajifunga. Mmeshindwa? Ni mbwa wa mgonjwa wa sukari. Zama hizi nyumba ya mgonjwa humtii mbwa wake.

Bibi Ndeshi alikwisha kuvaa kitenge kipya, anakwenda kwenye ubatizo wa kitukuu, mbwa wake Tosha akamnusa kiganja, akabweka. Mlango ukajifunga.

"We mbwa, chai ya sukari nimekunywa mie!"

Huko nje wifi yake, Aikande, aliyekuwa akimsubiri, akaangua kicheko. "Wifi, hivi mwenye nyumba ni wewe au mbwa?"

Ndeshi alitaka kumjibu, ulimi ukawa mzito. Sukari ilikuwa imeshuka. Jasho likamtoka, akaketi sakafuni na kitenge chake. Tosha akamletea chupa ya juisi mkononi. Ndeshi akainywa yote. Mbwa akamnusa tena, akatulia, na mlango ukafunguka.

Aikande, aliyeyaona yote dirishani, akaingia mbio, machozi yanamlengalenga. "Wifi yangu, u mzima?"

"Mzima kabisa," alisema Ndeshi, amemkumbatia Tosha shingoni. "Na lile swali lako, mwenye nyumba ni huyu. Hebu mwombe ruhusa tutoke."