Kaimu wa Benkiri

Mji wa Benkiri hauna mkuu. Una kaimu tu, na umekuwa hivyo tangu mwaka 1889. Kaimu wa sasa, wa tisa kwa kufuatana, asubuhi ile alikuwa ameketi Toronto, kwenye chumba cha mikutano cha jumba moja la makumbusho, koti la baridi la kuazima limembana kwapani. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, lililala kasia la mti mweusi. Bila kasia lile mtu hasimikwi Benkiri, hata afanyeje.

"Shikamoo, mzee," Arzina alimwambia, akivuta kiti.

Kaimu akamtazama huyu mama wa makamo aliyening'iniza kitambulisho cha mkalimani shingoni. Akamtazama sana. Kisha akasema maneno marefu, ya upole, na wote wawili wakatabasamu.

Arzina alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Amewakalimania wajawazito hospitalini, wazazi shuleni kwenye mtaa wa Malvern, mashahidi mahakamani, na hajawahi kuongeza neno wala kupunguza. Safari hii ofisi ilimpelekea fomu ya mstari mmoja: "Shahidi ni Mwafrika. Lugha: ya Kiafrika." Alipoisoma alicheka peke yake, akatoa simu aikatae kazi. Lakini pamoja na fomu kulikuwa na bahasha nene. Akaisoma pale pale ndani ya gari, akairudia, mpaka chai ikapoa. Simu akairudisha mkobani.

Karatasi zilisema hivi. Benkiri ni mji wa mtoni, Afrika Magharibi, na watu wake walikuwa wakiwauzia mawese wazungu wa kila namna, kwa bei waliyoipanga wenyewe. Ikaja kampuni iliyotaka mawese yote yawe yake. Ilikuja na meli yenye mizinga, na mkataba, na mkalimani iliyemwokota mto mwingine kabisa. Wakuu wa mji walisema wee, mpaka jua likazama. Mkalimani akageuka akasema, "Wamekubali. Mawese ni yenu peke yenu, na kasia wanawapa kwa hiari." Ikaandikwa. Siku ya tatu mji ukachomwa moto kwa kosa la kuvunja mkataba, na kasia likapakiwa melini, likaja kuishia kwenye jumba hili la Toronto. Watu wengine wana uso mkavu, jamani. Arzina alikuwa amepandwa na hasira kwa ajili ya watu asiowajua hata mmoja, na hasira hiyo ndiyo aliyoingia nayo chumbani.

Akala kiapo cha ukalimani. Akikivunja leseni inakwenda, na alilijua hilo.

"Shahidi hajui Kiingereza?" aliuliza Nilofar, mwenyekiti wa kamati ya watu watatu iliyokaa kuamua kasia ni la nani.

"Anakijua," akajibu Brice, wakili wa jumba la makumbusho. "Barua zote ametuandikia kwa Kiingereza. Ila anadai kasia lilichukuliwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hatalidai kwa Kiingereza."

"Haya. Barua si ushahidi," Nilofar akasema. "Ushahidi ni atakachosema mkalimani, nacho kitaandikwa."

Kaimu akaanza kwa sauti ya chini, akichora mto mezani kwa kidole. Arzina akamsikiliza mpaka mwisho. Akavuta pumzi.

"Mababu zetu hawakutoa kasia," akasema kwa Kiingereza. "Walimwambia mwenye meli: mawese tutakuuzia kama tunavyowauzia wenzako. Kasia haliuzwi, na mizinga yako hatuiogopi."

Kaimu akageuza shingo akamkodolea macho. Kisha mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda.

Brice hakutikisika. "Mkataba uko wazi. Mkalimani wa kampuni alithibitisha kwamba walikubali."

Kaimu akasema maneno matatu. Arzina akachukua dakika nzima.

"Mzee anauliza: mkalimani huyo nani alimpima? Alitoka mto mwingine. Hakuna mtu mjini aliyemjua. Neno lake ndilo lililotuunguzia nyumba, na nyinyi mmelihifadhi kwenye kabati la kioo mkaliita ushahidi. Hamwoni haya?"

"Yeye amesema maneno matatu tu," Brice akasema.

"Lugha ya mkato hiyo," Arzina akamjibu bila kupepesa.

"Mkalimani yule alikula kiapo," Brice akasema, safari hii kwa ukali. "Neno la mkalimani aliyeapishwa, likishaandikwa, linasimama. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule na ndivyo ilivyo leo."

Kaimu akapiga meza kwa kiganja, akasimama wima, akatamka jambo moja fupi.

"Basi andikeni," Arzina akasema, naye keshasimama. "Na hili la leo lisimame."

Nilofar na wenzake walitoka, wakakaa nusu saa. Waliporudi hawakuzunguka: mkataba ulikuwa na neno la mkalimani, na sasa kulikuwa na neno la mji wenyewe. Kasia lirudi Benkiri. Brice alikusanya makaratasi yake, akaondoka bila kuaga.

Kwenye korido Kaimu alihangaika na zipu ya lile koti. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyaficha.

"Miaka kumi na minne nimekaimu," akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka. "Ukija kututembelea, mama, utanikuta mkuu. Lakini nitoe ushamba kidogo. Lile neno uliloniambia asubuhi." Akalitamka polepole, silabi moja moja. "Shi-ka-moo. Ni la lugha gani?"

"Kiswahili," Arzina akasema. "Na hiyo yako, mzee, inaitwaje?"