Daraja Linalosoma Nyayo

Tangu daraja la zamani la reli lifunguliwe kwa baiskeli na waenda kwa miguu, mbao zake husoma mwendo wa kila mtu. Anayeanza kupoteza kumbukumbu huwashiwa taa nyekundu miguuni, na siku hiyohiyo hupelekwa Nyumba ya Utulivu, ambako hakuna kutembelewa. Kwa hiyo mama nilimvusha kwenye keria.

“Mama, usishushe miguu.”

“Kwani mimi gunia la mkaa, Mwanaidi?”

Katikati ya daraja mnyororo ulichomoka. Nikaegemeza baiskeli kwenye kingo, mama akiwa juu yake, nikainama kuurudisha. Nilipoinua macho, alikuwa ameshatangulia kwa miguu, na taa zinawaka moja baada ya nyingine.

“Njoo uone, mwanangu,” aliniita kwa furaha. “Wamenipambia njia!”