Mafuta ya Mwanaheri

Betri mbili mpya zililetwa udongo wa kaburi la Mwanaheri ukiwa bado mbichi. Mumewe Chande, dereva wa gari la wagonjwa, alizibeba mwenyewe, akazifunga kwenye ile Landkruza.

"Safari hii tumekuletea pacha, mzee Chande. Furahi basi!" alisema mkuu wa zahanati, amesimama kivulini.

Chande hakufurahi, wala hakukasirika. Alikwisha kusema mpaka akachoka kwamba gari hili linataka betri mbili zinazolingana, maana ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu huinyonya ile mpya. Wakubwa wakanunua moja. Siku Mwanaheri alipobanwa na kifua, gari lililia tik, tik, likanyamaza.

"Mafuta ya mgando ya kupaka vichwa vya betri visiote kutu, mmeleta?"

"Ah, nawe! Hata hayo? Si uchukue ya nyumbani!"

Akaenda, akarudi na kopo la Mwanaheri la mafuta ya kujipaka. Yalibaki mafuta kidogo, na katikati yake palikuwa na mfuo wa kidole cha marehemu, alipochota mara ya mwisho. Chande akachota pembeni, taratibu, akipita mbali na mfuo ule. Akapaka kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Pembeni pakaisha.

"Bado nini?" aliuliza mkuu. "Washa tusikie!"

Kichwa cha nne kilikuwa kikavu. Chande alisimama na kopo mkononi, kidole kimoja kikiwa hewani juu ya mfuo, hakishuki wala hakirudi.