Ulingo wa Marehemu

Mumewe alianguka kutoka kwenye ulingo wake wa kuwindia, akafa. Leo Nyamizi alipanda mtini na panga ili auangushe.

“Kata kamba ushuke, shemeji,” aliita Maganga, mdogo wa marehemu, kutoka chini. “Kaka alirudi mikono mitupu kila siku. Mwindaji gani huligeuzia bwawa mgongo?”

Nyamizi akaketi pale alipokuwa akiketi mumewe. Kweli, bwawa wanakokunywa maji tandala lilikuwa nyuma. Mbele, matawi yalikuwa yamepunguzwa kwa uangalifu, na katika uwazi ule ulionekana uwanja wa nyumba yake, kinu chake, na kanga zake zilizoanikwa.

“Shemeji?”

Kamba moja alikwisha kuikata. Akaziokota ncha zake, akaanza kuzifunga.