Sentimita Sabini na Tano Juu ya Jiko

Siku hizi harufu ya chakula hairuhusiwi kutoka jikoni, kwa hiyo kila nyumba ina kifyonza moshi. Fundi Kombo alipima changu: sentimita sabini na tano juu ya jiko la gesi.

"Nipandishie kidogo, fundi. Maimuna ana miaka minne, hajawahi kunusa kitunguu."

"Utanifungisha, mama Maimuna. Kikiwa chini kinashika moto, kikiwa juu majirani wanatushtaki." Akakipandisha vidole vitatu.

Nilikaanga kitunguu, nikatia bizari, nikasubiri Maimuna aje mbio kama nilivyomkimbilia bibi yangu utotoni alipokaanga.

Alikuja mbio kweli, amejiziba pua, akanivuta kanga. "Mama, toka. Kuna kitu kimeharibika."

Nilizima jiko, nikampakata hadi akaiachia pua. Kesho nitaanza na iliki, moja tu.