Majivu Juu ya Barafu

Mashuka yalikuwa yamekunjwa tena. Hayakupeperushwa na upepo. Yalikunjwa pembe kwa pembe na kuwekewa jiwe juu, kama nguo za nyumba inayotarajia wageni. Na pale yalipokuwa yametandikwa, barafu ilikuwa imemwagiwa majivu.

Mpimaji wa barafu aliutupa mkoba wake chini, akatukana. Mlima mzima hapakuwa na wa kumsikia, na hilo likazidi kumuudhi.

Majivu kwenye barafu si mzaha. Kitu cheupe hurudisha mionzi ya jua ilikotoka. Kitu cheusi huinywa. Watu wa bondeni wanalijua hilo tangu zamani: njia ikiziba kwa barafu, humwaga majivu ya jikoni asubuhi, na mchana jua huwa limeshawafungulia. Lakini ile ni njia ya kwenda dukani. Hii ilikuwa barafu yote iliyobaki mlimani. Zamani theluji mpya iliifunika kila mwaka kwa weupe wake. Siku hizi joto limepanda, mvua hunyesha badala ya theluji, na barafu kuukuu hubaki uchi na vumbi lake, ikichapwa na jua kutwa.

Ndiyo maana aliomba mashuka meupe mpaka wakubwa wakamchoka, akayapandisha kwa mgongo wake, akayatandika mwenyewe. Mkuu wa idara alimpa msimu mmoja tu. Yasipofaa, yateremshwe, kituo chake cha vipimo kifungwe, na barafu iachwe iende zake.

“Vipimo vyako vinasema penye mashuka panayeyuka kuliko pasipo na kitu,” mkuu alimwambia kwenye simu. “Sasa wakubwa niwaambie nini?”

“Kuna mtu anatuharibia.”

“Basi mtafute huyo mtu. Na wewe upunguze. Unaililia barafu kama umezaliwa nayo.”

Alikata simu kabla ulimi haujamponza.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mkulima wa viazi, maana barafu ikiyeyuka sana, mfereji wake ndio unaojaa. Alimkuta akipalilia, akamshushia maneno yote aliyokuwa nayo. Mkulima alimsikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe.

“Dada, nimwage majivu ili mwaka huu mfereji ufurike, halafu mwakani watoto wangu wanywe nini? Hasira hasara. Nenda kapumzike.”

Alikuwa amejibiwa vizuri, na huo ndio ubaya wake. Alirudi nyumbani akipiga mawe teke, mtu mzima na akili zake.

Faraja yake ilikuwa moja. Husemwa mama mkwe na mke wa mwana hawapikiki chungu kimoja. Hawa wawili walipikika. Kila jioni, hata viatu hajavua, mama mkwe alimuuliza swali lilelile.

“Imeshuka kiasi gani leo?”

“Imeshuka sana, mama.”

“Sana kweli?”

“Sana. Hivi inavyokwenda, hata wewe, mama, utaiona ikiisha.”

Bibi kizee alishusha pumzi, akarudi kwenye pasi yake. Alikuwa akinyoosha suti ya mwanawe, kama anavyofanya kila mara jiko likiwa na makaa. “Akirudi asiikute imekunjamana,” alisema. Mpimaji aliinama kuvua viatu. Habari za mumewe, aliyepotea asipatikane, ziliwahi kuwagombanisha, na sasa kila mmoja alimwachia mwenzake alichotaka kuamini.

Alimkalisha mama mkwe kitini, akampaka dawa ya kuchua magotini. Magoti yalikuwa yamevimba kuliko jana. Hata dukani tu hawezi kufika siku hizi; kikongwe wa watu, hata kuni alikuwa akiletewa.

“Kesho nitashinda mjini, ofisini,” mpimaji alisema.

Alisema uongo. Uvumilivu ulikuwa umemwishia, na hakutaka hata kuta zijue. Asubuhi alipanda mlima, akajibanza nyuma ya mwamba kando ya barafu. Alikwishapanga matusi ya kumpokelea huyo mtu, la kwanza mpaka la mwisho.

Jua lilikuwa limepanda vizuri aliposikia ndoo ikigonga mawe. Mtu alikuja taratibu, akiburuta mguu, akikaa kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Alifika, akainama kwa shida, akaanza kukunja shuka pembe kwa pembe.

Mpimaji aliitambua sweta kabla hajauona uso. Aliinunua yeye. Matusi yote yakamkauka mdomoni, akatoka mafichoni akiwa ameumia kuliko alivyokasirika.

“Mama. Kumbe ni wewe? Unajua kazi yangu yote iko hapa, na bado unanifanyia hivi?”

Mama mkwe hakushtuka. Alichota konzi ya majivu ndooni, akaitandaza juu ya barafu kwa kiganja.

“Nisamehe, mwanangu,” alisema bila kugeuka. “Mumeo yumo humu ndani tangu siku ile alipoteleza, na mimi nataka nimzike kabla sijazikwa.”